Nyumba ya Bati la Bluu

Mwaka ule kichwa changu kiligoma. Nafundisha darasa la kwanza huku Bukiriro, na asubuhi moja nilisimama mbele ya watoto nisikumbuke jina la hata mmoja. Mwalimu mkuu akanihamishia stoo ya vitabu mpaka nipone. Hospitali wakasema ni sonona, wakanipa vidonge vya kuongeza serotonini, kemikali fulani ya ubongoni. Nikavimeza. Stoo ilinifaa, maana vitabu haviitwi majina.

Baadaye wakaja watafiti wakitafuta watu wanaotumia vidonge vile, waone kama vinausaidia ubongo kujifunza. Nilikubali kabla hawajamaliza kueleza. Nilitaka mtu aniambie kama kichwa changu bado kinashika kitu. Kama hakishiki, darasa ndiyo basi tena.

Huko Mwanza wakaniingiza kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, inagonga kama fundi anayeezeka paa. Mbele ya macho yangu zikatokea nyumba mbili, moja ya bati jekundu, nyingine ya bati la bluu. Nibonyeze moja, pengine itanipa mkungu wa ndizi, pengine haitanipa kitu. Kazi yangu ni kupata ndizi nyingi.

Nilipotoka, kijana wa utafiti aliniamkia mara ya pili siku hiyohiyo, nikajua ana habari mbaya. Akaeleza kwa upole kwamba nyumba nyekundu ndiyo iliyokuwa inatoa sana, lakini mimi nilibonyeza zote mbili sawasawa mpaka mwisho. Huenda sikuweza kujifunza ipi ni bora.

Hasira zikanipanda. Sikuwa nimekasirika tangu tumzike mume wangu, hata nikazishangaa.

"Ya bluu haina kitu," nikamwambia. "Nilijua mapema sana."

"Sasa mwalimu, mbona uliendelea kuirudia?"

Jamani. Nikamuuliza kwao ni wapi. Kwetu ukipewa ndizi leo, kesho hubishi hodi mlango uleule, watasema hukulelewa. Na nyumba isiyo na kitu ndiyo hasa ya kupitia, ukajue wenyewe wameamkaje.

Kijana akaandika, akaandika. Mwisho akasema majibu yangu hayatawafaa, ila kujua, nilijua.

Kwenye basi, tulipoipita Biharamulo, nikamkumbuka jirani yangu, mama wa Kisukuma aliyehamia kutoka Shinyanga. Mwaka mzima alipita kwangu kila jioni. Anasalimia, siitiki, anakaa kidogo, anaondoka. Sikuwahi kumpa hata maji. Kesho yake anarudi. Niliona aibu, nikageukia dirishani nikalia mpaka abiria mwenzangu akanipa leso.

Niliposhuka sikufika kwangu kwanza. Nilienda kwake, nikabisha hodi. Alikuja kufungua binti yake mdogo, wa darasa langu. Nikamwita kwa jina lake kabla hajaniamkia.