Unywele wa Shaba

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, kompyuta ya Polycarpe ilimwambia kwamba filamu bado masaa tisa kukamilika. Saa nane mchana maman Berthe angepita kuchukua diski, kwa sababu jioni ile alikuwa anapanda ndege kwenda Lubumbashi, na msafiri mwingine hakuwapo mwezi mzima. Kule Lubumbashi mama yake Polycarpe, aliyenyimwa viza, alikuwa bado analala chini sebuleni na wafiwa wenzake. Alikataa katakata kuondoa matanga mpaka aone kwa macho yake jinsi mwanawe Crispin alivyozikwa Brussels.

Polycarpe alikuwa fundi wa kompyuta katika Galerie d'Ixelles. Kibanda chake kilikuwa chembamba, kimebanwa na saluni za nywele, na mwaka ule wa 2008 nusu ya Matonge, mtaa wa Wakongo wa Brussels, walimletea mashine zao. Hesabu aliijua: akiiongezea kompyuta kasi kwa robo, masaa tisa yangekuwa saba na kidogo. Njia ilikuwepo. Unang'oa prosesa, ule ubongo wa kompyuta, unalaza uzi mwembamba wa shaba kati ya matundu mawili ya soketi yake, unairudisha. Mashine inadhani imepewa prosesa ya mbio zaidi, nayo inakimbia. Ukikosea tundu, umeiua, na mashine nyingine ya kufanya kazi ile hakuwa nayo.

Antoinette, mwenye saluni ya jirani, alimletea kibano cha nyusi na taa.

“Papa Polycarpe, ile film ni ya masaa ngapi?”

“Trois heures, masaa tatu.”

“Na mazishi yenyewe?”

“Dix-huit minutes, hata nusu saa haifike.”

“Donc, ingine yote ni maneno. Ukate. Tonton Kazadi peke yake anasema une heure, saa nzima.”

“Muntu mukubwa hawamukatake, maman.”

Ndivyo tulivyo. Tutapasua kompyuta kabla ya kupunguza hotuba ya tonton Kazadi, mwenyekiti wa jumuiya. Lakini Polycarpe alikuwa na lake moyoni. Wiki mbili alizipamba hotuba zile, akaandika jina na cheo chini ya kila msemaji, na zile dakika kumi na nane za makaburini akazipachika mwishoni bila kuzitazama. Alikuwa anaogopa.

Alichuna waya, akachomoa uzi mmoja mwembamba kama unywele, akaulaza kwenye matundu huku amebana pumzi. Alipobonyeza kitufe, feni ikalia na mashine ikawaka. Masaa saba na dakika kumi.

Kufika saa nne chuma cha mashine kilikuwa hakishikiki. Antoinette akaleta mashine ya kukaushia nywele, akaiweka kwenye hewa ya baridi, na wakapokezana kuielekeza kwenye tumbo la kompyuta lililo wazi. Mteja wake mwenye kichwa kilichosukwa nusu alisonya, akaambiwa angoje. Asilimia sitini. Sabini. Polycarpe hakunywa hata maji.

Saa sita na nusu, kwenye asilimia themanini na tatu, skrini ikawa bluu tupu; mashine ilikuwa imekwama, na kazi yote imepotea.

“Bon,” alisema Antoinette polepole. “Sasa utakata?”

Polycarpe aliing'oa tena prosesa, akautoa ule uzi. Alibonyeza kitufe, kimya. Akabonyeza tena, na safari hii feni ikazunguka. Alifungua filamu, akafuta tonton Kazadi, akafuta wajumbe wa Kolwezi na Likasi, akafuta kwaya, akabakiza makaburi tu. Kwa mwendo wake wa zamani mashine ilitaka dakika hamsini na nne.

Ikawa inaonyesha picha inazozitengeneza, moja baada ya nyingine, taratibu mno. Polycarpe hakuwa na la kufanya ila kutazama. Kamba zikapita chini ya jeneza. Jeneza la kaka yake likaanza kushuka, likashuka, likaendelea kushuka, hadi akaona kila kiganja kilichoshika kamba. Alilia bila kujificha, na Antoinette akamfungia mlango.

Saa nane kasoro dakika tano diski ilikuwa bado ya moto maman Berthe alipoitia mkobani.

Tonton Kazadi alinuna hadi Pasaka. Mama alipiga simu siku ya nne.

“Nimeona,” alisema. “Tumeisha kutosha matanga, bantu banarudia kwabo. Maneno ya ba papa, ile tunasikiaka kila siku.” Kisha akaongeza: “Nimekuona na weye. Benzako banamushusha, weye unageuza uso.”

“Ni kweli, maman.”

“Ulimuachia nani, ndugu yako?”

“Kisha nikaangalia,” Polycarpe alisema. “Yote, maman. Mpaka chini.”