Daftari Chini ya Kipande

Kuna mtu ameenda na majina ya kila mtu aliyekuja kuona kazi yangu leo.

Wasee, mnajua ile kazi yangu ya sanaa ya chuo? Kipande, kile kibati cha kitambulisho, jina na alama za vidole ndani, mkoloni alivalisha babu zetu shingoni, na yeye mwenyewe hakuvaa. Nilikitundika kwa ukumbi hapa Ngara, chini yake nikaweka daftari. Jina, nambari ya kitambulisho, simu, unakoishi.

Ilikuwa mtego. Nilitaka mtu mmoja tu aniulize, "Ya nini?"

Hakuna aliyeuliza. Walipiga laini wakaandika, vile tu tunaandikanga kwa mageti ya maofisi ya Upper Hill.

Saa tisa akaingia jamaa wa koti la kijivu. Akasoma daftari lote polepole, kidole kikifuata mstari. Nikampa kalamu.

"Mimi siandikangi," akasema, akatabasamu. "Kazi safi lakini."

Nikaitwa na mwalimu, dakika mbili hivi. Kurudi, kibati kiko. Daftari hakuna.

Kama uliandika, nitumie meseji sasa hivi.

Jina la kwanza kabisa ni la mamangu. Aliandika mpaka rangi ya geti yetu ya Mutuini.