Majivu ya Mama Anifa na Miguu Yangu

Jina langu siliweki hapa, na majina ya wengine nimeyabadilisha. Kisangani ni mji mkubwa, lakini mtaa wetu ni mdogo, na wanaonicheka tayari wanatosha. Ninachoweka ni kosa, na kosa ni langu peke yangu: nilimwacha mama asiye na hatia aitwe mchawi kwa sababu niliona haya kusema kwamba nimechuchumaa mara mia mbili.

Ndiyo, umesoma vizuri. Kuchuchumaa na kuinuka. Mazoezi ya miguu!

Nianze na miguu yenyewe. Zamani nilikuwa naendesha toleka, baiskeli zetu za kubeba abiria, zile zenye mto laini nyuma. Miaka kumi na miwili nilibeba wamama na makapu yao ya samaki, mabwana na mbuzi zao, na vijana waliodai watalipa wakifika. Mtaa ukaniita Papa Makolo, yaani Papa Miguu, na nakiri nililipenda jina hilo kuliko lile nililopewa na baba yangu. Binti yangu, nimwite Rehema, nilimpeleka shule juu ya mto ule ule kila asubuhi.

Kisha pikipiki zikajaa, abiria wakahama, nami nikapata kazi ya kulinda ghala la chumvi. Kazi ya kiti! Miaka minane nimekaa. Baiskeli ilitundikwa ukutani, tumbo likaja mbele, mapaja yakaisha. Lakini jina la Papa Makolo halikwenda popote, nami nikadhani miguu nayo imebaki pamoja na jina.

Mwaka huu Rehema akapata mchumba. Familia ikakaa kupanga safari ya kwenda komini, ofisi ya manispaa, kwa ndoa ya serikali, na watu wakaanza kubishana juu ya gari la kukodi. Rehema akainua mkono.

“Miye sitaki gari,” akasema. “Papa alinipeleka masomo na toleka. Basi anipeleke na toleka mpaka komini.”

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikajifanya naangalia dari, maana machozi yalikuwa yamefika. Ndipo Tonton Shabani akafungua kinywa. Huyu ni mjomba wa mke wangu, alikuja kutoka Maniema kututembelea wiki moja, sasa yuko mwezi wa tano.

“Na miguu gani? Ile ya kwenda chooni?” akasema. “Bon, gari ifuate nyuma, ya kuokota bibi arusi!”

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Hata mke wangu alicheka, ameziba mdomo kwa kitenge. Nilicheka nao, lakini moyoni niliungua, jamani! Zilibaki wiki nne kabla ya ndoa.

Kesho yake nilipotoka kazini nikaenda nyuma ya jiko. Nikajaza maji bidoni, dumu la lita ishirini, nikalikumbatia kifuani, nikaanza. Chini, juu. Chini, juu. Kila nikimaliza kumi, nachora mstari wa makaa kwenye ukuta wa jiko. Kuanza kidogo kidogo? Hayo ni ya watu wasio na jina.

Mama Anifa alikuwa upande wa pili wa ua wa miti. Ni mjane, jirani yetu wa miaka mingi, anaishi kwa kuuza lituma, zile ndizi za kupondwa. Aliweka mchi chini akanitazama.

“Papa Rehema, pole pole,” akasema. “Miguu ililala miaka nane, usiiamshe na fimbo. Fanya kumi leo, kesho upumzike.”

“Mama, kila mutu na kinu yake,” nikamjibu.

Akarudi kwenye kinu chake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wazee walisema, nami nadhani walikuwa wananiona. Nilifika mistari ishirini. Mia mbili! Niliingia ndani kifua mbele, nikala sahani mbili, nikamwambia mke wangu kwamba Papa Makolo amerudi.

Asubuhi Papa Makolo hakuweza kuteremka kitandani.

Nilijikokota mpaka chooni kwa kushika kuta. Na choo chetu ni cha kuchuchumaa, msomaji wangu. Kushuka nilishuka. Kupanda ndiko kulikokataa. Mapaja yalitetemeka, magoti yakagoma, nikabaki pale nimeshika mlango wa bati kwa mikono miwili, naita mke wangu kwa sauti ya chini ili jirani asisikie. Alikuja akanivuta makwapani. Aibu gani hii!

“Papa Rehema, iko nini?” aliniuliza, ameshika kichwa.

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi na la kweli. Lakini Tonton Shabani alikuwa amesimama uani na mswaki mdomoni, anasubiri kulisikia, nami nikaona kicheko chake kinavyoiva.

“Sijui,” nikasema. “Miguu inakataa tu.”

Tonton akatoa mswaki. “Jana ulipita wapi?”

“Kwa njia yetu.”

“Ile yenye majivu?”

Hapo lazima nieleze. Kati ya kiwanja chetu na cha Mama Anifa kuna njia ndogo inayotoka barabarani. Ni ya udongo wa mfinyanzi, na mvua ikinyesha inateleza ajabu. Kila asubuhi, akishachemsha ndizi zake, Mama Anifa alizoa majivu ya jikoni akayamwaga njiani ili watu wasianguke. Alianza siku niliyoanguka mimi mwenyewe pale, nikavunja mayai ya watu. Nyumba nzima ilijua hilo. Lakini hofu ikiingia nyumbani, watu husahau hata wanachokijua.

“Mutu hawezi kumwanga majivu kila siku bule,” Tonton alisema. “Donc, amemutega. Alikanyaga dawa!”

Mke wangu akapiga yowe. Nilipima haraka. Nikisema ni mazoezi, nitachekwa mpaka siku ya ndoa. Nikinyamaza, mimi ni mgonjwa, nitaletewa supu. Nilichagua supu.

Ilikuwa ya kuku, na ilikuwa tamu. Mungu anisamehe.

Kufika saa sita mtaa wote ulikuwa na habari. Jioni beseni la lituma la Mama Anifa lilirudi limejaa. Siku ya pili wamama walivuta watoto wao mbali na majivu. Ukoo wa mke wangu ukamtumia Mama Anifa ujumbe kwamba lituma ya arusi itapondwa na mtu mwingine. Naye hakukaa kimya. Alisimama njiani akawaambia wazi kwamba alikuwa ameniona nikichuchumaa na bidoni.

Wakaja kuniuliza. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka, Tonton ananisugua mawese mapajani, ananisomea na dua.

“Ni kweli ulifanya mazoezi?”

“Kidogo tu,” nikasema. “Kumi.”

Kumi!

“Munasikia?” Tonton akageukia watu. “Kumi haiue mutu miguu!”

Jioni ile Mama Anifa alikuja kwenye ua wa miti, akapitisha uso kati ya miti miwili. “Papa Rehema,” akaita, “uniambie weye. Nilikukosea nini?”

Yeye alikuwa anajua ukweli, na mimi nilikuwa najua kwamba anajua. Alingoja. Mimi nikageukia ukutani, nikakoroma. Katika yote niliyofanya, mkoromo ule ndio unaoniuma zaidi hadi leo.

Siku ya nne Rehema akarudi. Anasomea uuguzi, na wiki ile alikuwa Isangi kwa mafunzo ya kazi. Habari alishazisikia njiani, lakini hakuuliza dawa wala majivu. Aliweka mfuko chini, akaniminya paja kwa kidole gumba, nikapiga kelele iliyowatoa kuku uani.

“Ulichuchumaa mara ngapi, papa?”

“Kumi.”

Akatoka kwenda nyuma kuchota maji ya kuoga. Alirudi bila maji, ameshika kipande cha makaa.

“Kwa ukuta kuko mistari makumi mbili,” alisema. “Kila mustari ni ngapi?”

Nikageukia ukutani tena.

“Mulozi gani anajua kuhesabu mpaka mia mbili, papa? Nitaenda komini na gari. Mpaka umurudishie Mama Anifa jina yake, sipande baiskeli yako.”

Nikatuma waitwe wote: mke wangu, Tonton, majirani. Nikasimama nimeshika nguzo ya veranda, nikasema yote. Mia mbili. Bidoni la maji. Supu. Wakaangua kicheko, na Tonton akacheka mpaka akakaa chini. Nikangoja mmoja wao aseme twende tukamwombe yule mama radhi. Hakusema hata mmoja. Walipangusa machozi wakaenda zao.

“Lakini ile majivu vilevile,” Tonton alisema akiondoka, “kuko kitu ndani.”

Na Mama Anifa mwenyewe alikuwa ameshaondoka tangu jana. Alifunga mlango, akabeba mchi wake, akavuka kwenda kwa dada yake anayeishi Lubunga, ng'ambo ya mto. Kinu alikiacha kwa sababu ya uzito.

Nilivuka. Ukingo wa mto niliuteremka kwa makalio, mbele ya abiria wote, na mwenye pirogi, mtumbwi wa kuvushia, alinishusha ndani na kunipandisha ng'ambo kama gunia. Nilimkuta anamenya ndizi nje ya nyumba. Sikuweza kupiga magoti, nikaomba radhi nimeegemea ukuta, nikalia wazi wazi.

Aliniacha nimalize. “Nimekusamehe, papa,” alisema. “Lakini sirudi. Miguu yako itapona wiki hii. Jina yangu itapona siku gani?”

Nilipogeuka kuondoka, alielekeza kisu kwenye kiti cha dada yake. “Anza na kiti,” akasema. “Kukaa na kuinuka. Kumi. Kesho yake upumzike.”

Rehema alisikia niliyoyafanya, akakubali kupanda. Nikaanza na kiti. Kumi, kisha kupumzika. Kumi na tano. Halafu ngazi ya mlango, juu na chini, bila bidoni. Baada ya siku kumi nikashusha baiskeli ukutani, na wiki ya mwisho nilikuwa namzungusha mke wangu mtaani. Miguu ilirudi, kweli ilirudi! Pole pole, kama yule mama alivyosema mara mbili.

Siku ya ndoa mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika saa tatu. Baiskeli ilikuwa na maua ya karatasi. Rehema alikaa kwenye mto na gauni jeupe lililojaa pande zote mbili. Tonton alikuwa verandani na suti mpya, gari alilolikodi linangoja barabarani. Nikakanyaga pedali, nikasikia nguvu ile ya zamani pajani, watu wakapaza sauti: “Papa Makolo! Papa Makolo!”

Tukaingia kwenye njia ndogo.

Hakuna mtu aliyekuwa amemwaga majivu pale kwa muda wa wiki tatu. Gurudumu la mbele lilikwenda upande wake na la nyuma upande wake. Miguu yangu haikunyong'onyea hata kidogo, nataka hilo lijulikane. Vingine vyote vilianguka: baiskeli, maua, mimi, na bibi arusi kwenye tope mpaka kiunoni.

Rehema aliketi pale kwenye tope, shela imemwangukia usoni. Akaiondoa taratibu, akanitazama mimi, kisha akamtazama Tonton verandani.

“Bon,” akasema. “Na ya leo, tumuseme nani?”

Aliinuka, akapanda gari, akaenda kuolewa na gauni la rangi mbili. Ziko picha. Kwenye karamu lituma ilikuwa na madonge, na kila aliyeila alijua ni mkono wa nani uliokosekana.

Sasa kila asubuhi mimi ndiye ninayezoa majivu ya jikoni kwetu na kuyamwaga njiani. Nikimaliza, nafanya mazoezi yangu ya kiti. Kila Jumapili navuka kwenda Lubunga kununua lituma, na Mama Anifa ananipimia kama anavyompimia mteja yeyote, anarudisha chenji.

Wiki hii mama wa nyumba ya tatu amevimba goti. Jana nilimkuta amesimama mwanzo wa njia, anaangalia majivu, kisha ananiangalia mimi na koleo langu.

“Papa Makolo,” akauliza, “ile majivu ni ya nini?”

Nikamweleza yote, tope, kuteleza, Mama Anifa, bibi arusi. Akatikisa kichwa kukubali, akasema amesikia. Kisha akazunguka, akapita pembeni kwenye tope, ameshika sketi, bila kukanyaga hata chembe moja.

Ndugu zangu mliokaa miaka na sasa mnataka miguu yenu irudi, anzeni na kiti, anzeni na kumi. Na ukifanya mia mbili, sema mia mbili.