Maziwa ya Nyumba Tisa

Ukitaka kumuudhi Pastory Makongoro, mwite mzee wa midoli. Hatakupiga, maana si mtu wa ngumi, lakini atakugeuzia mgongo, na mwanao siku hiyo hapandi kitu hata alie mpaka sauti imkauke. Kazi yake aliiheshimu kama padri anavyoheshimu misa. Kazi yenyewe ilikuwa kuzungusha ile bembea kubwa ya Mwigobero, Musoma, kando ya maji, ambayo mji mzima uliiita Mzunguko.

Mzunguko uliletwa kwa meli mwaka hamsini na sita na mfanyabiashara mmoja mwenye duka la vitambaa. Aliufunga pale ufukweni pamoja na bembea za minyororo, mtelezo wa bati na kibanda cha barafu za ukwaju. Ulikuwa na farasi kumi na wawili wa mbao. Mwaka uliofuata Pastory, kijana wa miaka ishirini kutoka Nyamuswa, alitumwa mjini na baba yake kuuza ngozi mbili za ng'ombe. Akaona farasi wanazunguka, akasahau ngozi. Hivyo tu! Nyumbani hakurudi. Mtoto wa watu ameachiwa ng'ombe arobaini achunge, yeye anakwenda kusukuma farasi wasiokula wala kunya! Baba yake alipopata habari alisema huyo asihesabiwe tena zizini, na mwaka mali ilipogawanywa kwa wana, Pastory hakupata hata mkia.

Ikaja miaka ile ya shida, na aliyeiishi hana haja ya kuhadithiwa. Sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai. Sukari ni kwa foleni, na foleni yenyewe unaambiwa imekwisha kabla yako. Mwenye duka la vitambaa alishakwenda zake siku nyingi, bustani ikawa mali ya mji, na dizeli ya kuendeshea injini ikawa kitu cha kusikia tu. Mwingine angefunga geti akaenda kuvua. Pastory aling'oa injini akaiweka pembeni, akachomelea vyuma viwili kwenye nguzo ya kati viwe mipini, akawa anausukuma Mzunguko kwa kifua chake mwenyewe. Grisi ilipokwisha alipaka mafuta ya sangara, na kuanzia hapo paka wote wa Mwigobero wakahamia bembeani. Farasi walipooza, mmoja baada ya mwingine, alichonga wanyama wa kwetu: ng'ombe wenye nundu, sato, kiboko, na mamba mwenye meno ya misumari ambaye watoto walimgombania mpaka wakang'oana vifungo. Asiye na senti alilipa kwa hindi la kuchoma au kipande cha muhogo, na asiye na kitu alipanda vilevile. Mwaka themanini na tatu, kwenye ule msako wa wahujumu uchumi, watu wazima walipokuwa wanaogopa hata kukutwa na debe la mafuta ndani, mahali pekee mji huu ulipokuwa unacheka ni pale.

Halafu ikaja ruksa ya kila biashara. Mitumba hiyo, soda za kopo hizo, mabanda ya video kila kona. Na wakaja wawekezaji. Mwaka tisini na tatu likabandikwa tangazo kwamba kiwanja cha Mzunguko kitauzwa, kuna bwana anataka kujenga ghala la barafu ya samaki. Watu wa mtaa wakaenda kulalamika, wakajibiwa kwa adabu kabisa: leteni laki tano kabla ya tarehe thelathini Septemba, mkasajili chama chenu, kiwanja kitabaki kwenu. Msipoleta, Oktoba mosi asubuhi chuma kinakatwa, kinauzwa kwa kilo.

Mwenyekiti wa michango akawa Mwalimu Tereza, mwanamke mstaafu aliyekuwa ananyamazisha darasa la watoto tisini bila fimbo. Watu wakajitolea, jamani, tuseme ukweli. Wavuvi walitoa dagaa kwa madebe. Akina mama wa Guta walileta magunia matatu ya udaga wa muhogo, wakayabeba wenyewe mpaka stendi. Kwaya iliimba hadi ikakaukiwa sauti. Na bado, Agosti ilipofika katikati, hata nusu ya fedha haikuwa imepatikana.

"Pastory," Mwalimu Tereza akauliza siku moja, "kwenu si wana ng'ombe?"

"Wanao."

"Basi?"

"Mimi kwetu sihesabiwi, Mwalimu."

"Nenda ukahesabiwe. Basi linaondoka saa moja."

Alikwenda amevaa koti la Jumapili, tumbo tupu tangu jana yake kwa hofu. Miaka thelathini na sita si mchezo. Alimkuta kaka yake mkubwa, Kasmiri, ambaye tangu baba yao afariki ndiye aliyekuwa mkuu wa ukoo, amekaa nje na koti lake kuukuu la kaki, anasokota kamba. Pastory alisimama, akasalimia, akaeleza yote kwa pumzi moja: bembea, watoto, tarehe thelathini. Akamalizia, "Nimekuja kuomba ng'ombe, kaka."

Kasmiri alimtazama sana. Alimsogezea kigoda. Kisha akamwita mke wake, Gati, alete maziwa ya ng'ombe yule mwekundu. Gati akaleta kibuyu. Pastory, kwa njaa aliyokuwa nayo, aliketi akanywa mpaka akasikia kibuyu kinatoa upepo. Alipoinua uso, kaka yake alikuwa anajifuta macho kwa kiganja.

"Yule mwekundu ni wako," Kasmiri akasema. "Twende kwa wengine."

Wakazunguka nyumba nane za ndugu siku hiyo, na ya Kasmiri ya tisa. Kila nyumba ng'ombe mmoja, kila nyumba kigoda, kila nyumba kibuyu. Wanawake walipiga vigelegele. Mzee mmoja alimshika Pastory kichwa kwa mikono miwili akamtemea mate ya baraka. Jioni tumbo limemjaa ti, anatembea kama mjamzito, moyoni anasema: kumbe watu hawa wanaipenda bembea hivi!

Musoma waliposikia ng'ombe tisa, Mwalimu Tereza alicheza barabarani, mtu mzima yule, na kanga ikamdondoka. Hesabu ilitosha kabisa. Wakaandika barua kwa wakubwa wa mji kwamba fedha ipo, inakuja. Zikiwa zimebaki siku nane, wakakodi lori la Wenceslaus, dereva asiyejua kungoja, na Pastory akapanda mbele kama bwana harusi.

Kasmiri alilisikia lori kabla hajaliona. Alitoka akasimama langoni.

"Gari la nini, mdogo wangu?"

"La kubebea ng'ombe, kaka. Kesho mnada Bunda."

Kasmiri hakuelewa. Alirudia lile neno taratibu, "Mnada." Halafu akaelewa, na uso wake ukabadilika. "Pastory. Maziwa uliyanywa, au hukuyanywa?"

Hapo ndipo Pastory alipokumbuka. Jambo ambalo kila mtoto mchunga ndama wa ukoo wao analijua, yeye mji ulikuwa umemsahaulisha! Kwao, anayekuja kuomba ng'ombe wa kuuzia shida yake husimama nje ya lango. Hakai, haonji kitu, anakabidhiwa mnyama anaondoka. Lakini aliyepewa kigoda akaketi, akanywa maziwa ya ng'ombe anayepewa, huyo hakuomba fedha. Huyo amesema nimerudi. Ng'ombe anabaki kwao kwa jina lake, anazaa kwa jina lake, na mnadani haendi. Hivyo ndivyo mtu aliyepotea anavyorudishwa nyumbani. Na yeye alikuwa amekunywa nyumba zote tisa, hakubakiza hata tone.

"Tulisema mtoto wa mama yetu amerudi," Kasmiri akasema. "Njoo uone." Akamshika mkono, akampeleka nyuma ya zizi. Palikuwa pamefyekwa, pamepigwa vigingi vinne vya mti mbichi na kamba imevutwa kuzunguka. "Vyumba viwili. Nilipima mwenyewe. Mimi nilikuwaga nakatazwa na baba hata kukutaja jina. Amekufa hajakutaja. Sasa mimi nimekurudisha, wewe unaniletea lori?"

Pastory alikaa chini palepale, ndani ya kamba, katika kile ambacho kingekuwa chumba chake. Msidhani alikuwa jiwe. Alikitaka kile kiwanja kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alikuwa na miaka hamsini na sita, mke wake Hyasinta amelala makaburini Musoma, mtoto Mungu hakuwajalia, na chumba chake cha Mwigobero kinavuja. Hapa angekuwa mtu mwenye ng'ombe, mwenye ndugu, wa kuulizwa neno kwenye kikao. Nani angemwita mzee wa midoli? Akaona pia Oktoba mosi asubuhi, wale mafundi na misumeno yao, na watoto wamejipanga nje ya geti kama kawaida yao kwa sababu hakuna mtu aliyewaambia. Wenceslaus akapiga honi mara mbili, mshenzi yule.

"Kaka," Pastory akasema, "nawapakia."

"Ukiwapakia hao umejitoa kwa mkono wako mwenyewe. Safari hii si baba."

"Najua."

"Na siku ukifa?"

"Watanizika kulekule."

Kasmiri aligeukia zizi. Angeweza kukataa, na ndugu wote wangemuunga mkono. Lakini ng'ombe aliyekwisha kutolewa kwa maziwa ni mali ya aliyekunywa, na Kasmiri si mtu wa kula neno lake. Alifungua lango la zizi mwenyewe. "Chukua, ni wako," akasema, akaingia ndani, na hakutoka tena. Nyumba zile nyingine nane zilifanya hivyohivyo: lango wazi, mlango umefungwa. Gati peke yake ndiye aliyesimama uwanjani, analia waziwazi bila kujificha. Pastory aliwapandisha ng'ombe mmoja mmoja, na yule mwekundu aligoma, ikabidi asukumwe.

Basi, wakauzwa Bunda, fedha ikatimia, kiwanja kikabaki. Siku ya kukabidhiwa hati watu waliwasha moto ufukweni wakala samaki mpaka wakachoka, na Pastory alikuwa nyuma ya kibanda, amekaa juu ya ile injini ya zamani. Mwalimu Tereza akamfuata. Aliambiwa yote. Alikaa tu karibu naye.

"Ningejua nisingekutuma," akasema mwishoni.

"Ungenituma," Pastory akamjibu. "Na mimi ningekwenda. Ila maziwa nisingekunywa."

Kujuta hakujuta. Kuumia aliumia, tena sana. Asubuhi aliusukuma Mzunguko kama siku zote, akitania watoto, na wakati mwingine katikati ya utani anasimama, hajui alikuwa anasema nini. Akalipa kwa fundi mapema jeneza lake la mninga, kwa maana hakutaka kusumbua watu ambao si ndugu zake.

Sikukuu ya Krismasi ufukwe ulifurika. Pastory alikuwa anasukuma tangu misa ya kwanza, shati limemganda mgongoni, alipoona kwenye foleni ya tiketi koti analolijua. Kasmiri. Ameshika mkono wa kitoto cha kike cha miaka sita hivi, gauni jipya, viatu vinambana. Alilipa dirishani bila kuomba kupunguziwa, akamketisha mtoto juu ya sato, akarudi kusimama nje ya uzio. Kaka yake hakumtazama. Pastory naye aliinamisha kichwa akasukuma, na raundi ile aliiona ndefu kuliko zote alizowahi kuzungusha.

Ilipokwisha, mtoto akashuka anayumba, anacheka. Kasmiri akafungua kigeti, akaingia, akamgeuza kwa mabega mpaka akawa mbele ya Pastory.

"Gati mdogo, mbona husalimii?"

"Nimsalimie nani?"

"Babu yako. Huyu ni mdogo wangu."

Mtoto akapiga goti kidogo, kama walivyomfundisha. "Shikamoo, babu."

Pastory alijifuta mafuta mikononi kwa shati, akamshika mtoto kichwa kwa mikono miwili, asimwachie. Juu ya bembea watoto wa zamu nyingine walikuwa wameshakaa, nao wakaanza kupiga kelele kwamba Mzunguko hauendi, wamelipa, wanaibiwa. Kasmiri alivua koti, akalitundika kwenye uzio, akaenda akashika mpini wa upande wa pili.

"Sukuma basi," akasema. "Watoto wanangoja."