Chaneli ya Kumi na Sita

Mimi si mtu wa porojo. Haya niliyaona kwa macho yangu hapa Kulesa, kando ya mto, tena mchana, jua likiwa utosini. Anayetaka kubisha aje anibishie usoni.

Ni mwaka ule maji ya Elnino yalipoanza kupungua. Binti yangu Hadija, mjane, alikula kwa kupiga muziki wa harusi. Alikuwa na vinanda viwili, mashine ya ngoma, na kisanduku wanachokiita sikwensa. Kisanduku hicho chenyewe hakina sauti. Kinatuma amri kwa waya, na kila chombo kina chaneli yake, kinatii namba hiyo tu. Siku hiyo kila chombo kilidaka amri ya mwenzake, ikawa fujo. Na jioni kuna harusi Garsen. Akiaibika mbele ya watu, nani angemwita tena?

"Hodi," mtu akasema mlangoni.

"Karibu," nikajibu, macho yangu kwenye mchele niliokuwa nachagua. Kwetu hodi haiachwi hivi hivi.

Akaingia mwanamume mrefu, kikoi cheupe. "Dada, vyombo vyako vinagombana. Nimevisikia kutoka ng'ambo."

"Masikio yako si mchezo," Hadija akacheka, akampisha.

Alijua kazi, sikatai. Kinanda kikubwa akakipa chaneli ya kwanza, cha bezi ya pili, ngoma ya kumi. Nilifuata vidole vyake. Muziki ukakaa sawa. Kisha akafungua ya kumi na sita.

"Hiyo ya nani?" nikauliza. "Chombo cha nne hatuna."

"Ninacho mimi, mama."

Akabonyeza. Niamini, ngoma ikajibu kutoka msitu wa ng'ambo, pigo kwa pigo. Nikamtazama miguu. Kijiji kizima tope hadi magotini, nyayo zake kavu. Na amevukaje? Aliye ng'ambo huita mtumbwi, na siku hiyo hakuna aliyeita. Mtumbwi pekee uliosalimika na mafuriko ulikuwa umefungwa upande wetu, nikiuona dirishani.

"Hadija, funga hiyo chaneli."

"Mama, akikasirika ataharibu vyote. Na harusi?"

"Basi nipishe."

Shule sikukaa, lakini namba nazijua. Nilibonyeza pale alipobonyeza yeye. Kitufe kikaunguza kama kaa la moto. Sikutoa kidole.

"Mama," akaniambia kwa upole, "ukifunga, mimi nitapita wapi?"

"Ulikopitia."

Ngoma ya msituni ikakatika katikati ya pigo. Nilipogeuka hapakuwa na mtu, wala alama ya mguu kwenye tope la mlangoni.

Harusi ilipigwa hadi mwisho. Lakini kidole hiki hakikunjiki tena, na kila Hadija akiwasha kisanduku, ya kumi na sita huwa imejifungua. Huifunga kwanza, ndipo apige. Juzi harusini, kijiji cha Hewani, watu walimharakisha, akasahau. Mimi nilikuwa hapa nyumbani, peke yangu. Nikasikia hodi.

Sikujibu. Nilikaa nimeukazia mlango macho mpaka sauti ikachoka.

Wewe unayepiga vyombo hivi, kagua kila chaneli kabla hujabonyeza, na isiyo na chombo ifunge. Na mtu akipiga hodi, usiwe mwepesi wa kusema karibu. Muulize kwanza amevuka na nini.