Shikamoo Yangu Ilimponza Bibi wa Watu

Admin, naomba ufiche jina langu, na namba yangu, na hata picha ya profaili maana ina mlima nyuma yake. Morogoro ni ndogo, watu wanajuana hadi kwa kanga. Mimi ni dada wa miaka ishirini na nane, nina mkataba wa mwaka mmoja katika ofisi moja inayofuatilia faini zilizopitiliza muda. Sitaitaja. Tangu juzi sikai nikatulia. Nachemsha chai, naisahau, nachemsha nyingine.

Kazi yangu ni kuandika meseji. Nilipoingia nilikuta ya zamani, yote herufi kubwa: UNADAIWA FAINI, LIPA NDANI YA SIKU SABA, HATUA KALI ZITACHUKULIWA. Watu walikuwa wanaifuta tu. Nikajifanya mjuaji. Kwenye semina moja tulifundishwa kwamba mtu hasukumwi, anasogezwa taratibu kwa maneno madogo mpaka alipe mwenyewe akidhani ni wazo lake. Kwa wazee nikaandika hivi: "Shikamoo. Ni mimi fulani, wa ofisi ya faini. Wenzako wengi wa kitongoji chako wameshalipa. Tunakusubiri." Pale kwenye fulani niliweka jina langu kamili.

Kabla ya kutuma nilimuuliza bosi ni wangapi hasa waliolipa kule juu Uluguru. Akacheka. "We andika wengi. Wakishasoma watalipa, watakuwa wengi kweli." Nikaandika. Simsingizii mtu, vidole vilikuwa vyangu.

Jamani, wazee wakaanza kujibu! Simu ya ofisi ikajaa "marahaba mwanangu", "marahaba, hujambo?" Faini walijifanya hawajaiona, lakini salamu hawakuiacha. Tulicheka ofisini mpaka machozi.

Wiki ya pili akaja bibi mmoja, nimwite Bibi Veronika, si jina lake. Alishuka mlimani kwa miguu mpaka barabarani, akafika dirishani kwetu na ndoo ndogo ya matunda ya fyulisi, akauliza foleni nzima ikasikia, "Nani hapa aliyeniamkia?" Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuitikia. Na hela yenu hii hapa." Alikuwa ameuza nguruwe wake wa pekee. Faini ilikuwa ya kulima mboga karibu mno na kijito. Nikampa risiti na namba yangu ya simu, akaniachia ndoo. Fyulisi nikazila zote siku ile ile, tena nikijisifu.

Kumbe kitongoji chake chote kilikuwa kimekubaliana kwamba halipi mtu mpaka wapimiwe upya, maana bustani zao zilikuwepo kabla ya nguzo ya mpaka wa kijito kusimikwa. Bibi naye alikuwemo kwenye makubaliano hayo. Aliposoma "wenzako wengi" akajua wamemzunguka, wamelipa kimya kimya wakamwacha peke yake. Na kwenye daftari letu la ofisini hapakuwa na hata mmoja aliyelipa.

Bosi akapanda kule na nakala ya risiti. Akaiinua mbele ya mkutano: "Mwenzenu huyu amekiri kosa, nyie mnabisha nini?" Tangu siku hiyo Bibi Veronika ni msaliti. Hawamwiti kwenye kazi za kusaidiana shambani. Akipita, maongezi yanakatika.

Haya ya kule mlimani kaniambia yeye, kwa simu, juzi. Hakunipigia kunigombeza, bora angenigombeza. Nilimuuliza kwa nini hakuwauliza majirani kwanza. Akasema, "Niulize nini? Mtoto aniamkie kwa adabu, anitajie na jina lake, halafu anidanganye? Hayo sijayaona." Kisha akasema neno ambalo halinitoki kichwani. "Mwanangu, hao wengi ulioniandikia, nitajie mmoja tu. Nikamshike mkono, niseme huyu naye alilipa."

Nikamwambia mtandao unakatika. Nikakata mwenyewe.

Nimeona aibu, nimejichukia. Nilimfuata bosi nikamwomba tuifute ile sentensi na tuwaandikie watu wa kule ukweli. Akaniambia, "Acha huruma za kijinga. Kwani uliwatukana? Si uliwaamkia?" Anataka meseji hiyo hiyo iende mpaka upande wa Turiani, na mkataba wangu unaisha mwezi ujao, kalamu iko mkononi mwake. Mama yangu ana presha, dawa zake ni mshahara huu. Rafiki yangu ninayekaa naye anasema maji yakimwagika hayazoleki, ninyamaze, kule mlimani watasahau. Hawajui watu wa kule huyu.

Jana Bibi akapiga tena. Jumamosi ni zamu ya jumuiya yao ya kanisa kusali nyumbani kwake na wenzake wamemwambia hawaji. "Njoo wewe, mwanangu. Najua wewe ni Muislamu, utakaa tu. Nisikae peke yangu na viti."

Sasa nyie wenye akili zenu zilizotulia, niambieni. Nikipanda Jumamosi, nitalazimika kupita nyumba kwa nyumba, niwaambie kwamba mwongo ni mimi na Bibi hakumsaliti mtu. Wakisikia hivyo wataenda kwake, najua. Lakini habari itashuka mlima kabla yangu, na Jumatatu sina kazi. Nisipopanda, atakaa na viti vyake, akiamini bado kwamba kuna mwenzake mmoja aliyelipa na nitamtajia.

Hapa ninapoandika simu inaita. Ni yeye. Imeshakata, inaita tena. Nikipokea, neno la kwanza kutoka kinywani mwangu lazima liwe shikamoo, na ndilo neno lile lile nililomdanganyia. Nishaurini jamani, nitamwamkiaje bibi huyu?