Leva ya Mkono wa Kuume

Shigela Luhaga alikuwa na namna yake ya kusalimia. Aliutoa mkono wa kuume, akaufunika kwa wa kushoto, akainama kidogo. Watu wa Sengerema walisema bwana mifugo ana adabu ya kizamani. Kija, mkewe, ndiye peke yake aliyejua kwamba mkono wa kushoto ulikuwa unauficha mwenzake. Tangu kamba ya fahali ilipomkata joshoni, miaka miwili nyuma, vidole viwili vya mwisho havikukunjika tena, na vile vingine vilishika kama vya mtu anayesinzia.

Mwaka ule serikali ilikuwa inapunguza watumishi. Ofisini walibaki wawili, yeye na Mayala, kijana wa miaka ishirini na minane, na pikipiki moja ndefu ya kupandia milima na kuvuka makorongo. Jumatatu mkaguzi angekuja kutoka mkoani awatazame wakiiendesha. Atakayekabidhiwa pikipiki atabaki kazini. Mwingine atapewa barua.

Lakini pikipiki haikuwa na leva ya breki ya mbele, ile inayobanwa kwa mkono wa kuume. Ilikuwa imepinda tangu masika, Shigela akampelekea Chenge, mhunzi, naye akaiweka motoni akainyoosha kama anavyonyoosha majembe. Ikatoka imenyooka, inapendeza. Wiki tatu baadaye Shigela alianguka mteremkoni, akatumbukia kwenye ua wa minyaa, hatua mbili kutoka kwa mama aliyebeba mtoto mgongoni. Leva ikaokotwa vipande viwili. Alipoulizwa, alisema ilimkatikia mkononi. Fundi mmoja akaeleza kwamba leva ile ni ya alumini, si ya chuma, ukiitia moto inakufa nguvu, na kijiji kizima kikamlaumu Chenge. Mhunzi alikuja kuomba radhi na kuku kwapani. Shigela alimpokea kuku.

Ofisi ikamtuma Mwanza kununua leva mpya, ya breki na ya klachi. Alivuka na pikipiki kwa kivuko cha Kamanga, akaenda polepole kwa breki ya mguu hadi dukani kwa Iqbal, mzee aliyeuza vipuri tangu enzi za kusubiri mgao. Siku hizo ulichukua kilichopo, ukashukuru. Sasa kaunta ilijaa. Iqbal alipanga aina tatu: leva nzito ya chuma iliyofuliwa kwenye karakana ya Igoma, fupi ya rangi ya dhahabu, yenye skrubu ya kuisogeza karibu na mkono, na ndefu ya kijivu, isiyo na urembo, mfano wa ile ya kiwandani.

"Hii ya dhahabu ni ya vijana wanaopenda kutazamwa," Iqbal alisema. "Ukianguka haipindi, inakatika. Ya kijivu inapinda, unafika nyumbani. Ya Igoma haifanyi lolote, ila kukuchosha."

Hakuuza leva bila kuijaribu. Aliifunga kwenye usukani, akaingiza kidole chake mwenyewe kati ya leva na mpini.

"Bana. Nikilia, umepata."

Upande wa klachi mzee aliguna mara moja, wakacheka wote wawili. Wakahamia kulia, kwenye breki. Shigela aliibana ya kijivu kwa nguvu zake zote. Iqbal alimtazama, akisubiri. Akafunga ile ya dhahabu, akazungusha skrubu hadi leva ikaja kugusa vidole. Shigela akabana tena, jasho likamtoka shingoni.

"Naisikia," Iqbal alisema kwa sauti ya chini. "Lakini silii, bwana mifugo. Mkono una nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Shigela alieleza habari ya fahali, kisha, bila kuulizwa, habari ya mteremko. Leva haikumkatikia. Ilikatika pikipiki ilipopiga chini. Kabla ya hapo alibana, akabana, na yule mama akazidi kuwa mkubwa mbele yake, mpaka akaona macho ya mtoto.

Iqbal alisugua kidole chake. Kisha alisema kwamba ya dhahabu ingemvusha Jumatatu, uwanja ukiwa tambarare. Baada ya Jumatatu hakujua.

Shigela alifikiria barua. Alifikiria mahindi yasiyotosha, na Kija ambaye angemwambia achukue ile ya dhahabu. Akaigusa ya kijivu.

"Nifungie hii."

"Hii imekushinda."

"Imenishinda mimi. Mayala vidole vyake vizima."

Iqbal aliifunga, akaitia mafuta. Akifika Sengerema, Shigela alimwambia, kabla ya chochote atapita kwa Chenge amwambie kwamba leva haikuwa na kosa.

Hakuipanda. Aliisukuma kwa miguu hadi kivukoni, jua likimwakia kisogoni. Mwanamke mmoja aliyekalia gunia la dagaa alimpisha njia.

"Shikamoo, mzee. Imeharibika?"

"Marahaba. Nzima," alijibu, akaendelea kusukuma.